Mafunzo ya bure ya kuendesha matanga kwa watoto wa skuli za msingi: sisi tumeanza, naomba mawazo yenu

Mwalimu wa Kaskazini

Assalaam aleykum wanajukwaa.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi kaskazini Unguja, pande za Mkokotoni. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Watoto wetu wamezaliwa pwani, wanakula samaki, baba zao wanakesha baharini, lakini ukiuliza darasani nani anajua kuogelea, mikono inayonyooka ni michache, na ya wasichana karibu hakuna. Ukiuliza nani ameshawahi kushika kana ya ngalawa, yaani mkono wa usukani, wanatazamana.

Hapa ni mbele ya Tumbatu. Watu wa kisiwa kile wamesifika kwa ubaharia tangu mababu. Leo kijana anajua kuwasha mashine, na ikizima au mafuta yakimwishia mkondoni hana la kufanya ila kupunga shati na kusubiri. Tanga limo chomboni, limekunjwa, hajui kulitweka. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Halafu kuna kumbukumbu ambazo mtu wa huku hazimtoki. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikafuata Skagit karibu na Chumbe. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, la. Meli ikipakiwa kupita kiasi hilo ni jukumu la watu wazima. Lakini mtoto anayejua kuelea, kutulia na kushika kitu ana nafasi ambayo mwenzake hana.

Basi tumekaa walimu kadhaa, manahodha wazee waliokwisha staafu bahari, na fundi wa vyombo, tukaanza. Ni kwa watoto wa darasa la tatu hadi la sita. Bure kabisa: hakuna ada, hakuna sare, hakuna mchango wa mafuta. Mtoto aje na nguo ya kubadilisha na ruhusa ya mzazi, basi.

Hapandi chombo mtu kabla hajajua kuelea. Tumeweka wigo wa vijiti kwenye maji ya kiunoni, na humo ndimo wanamojifunza kuelea chali, kupumua, kugeuka, kurudi kwenye kijiti. Bangladesh wana mpango wa aina hii vijijini, wamejenga majukwaa ya mianzi ndani ya mabwawa yao, wala hawakungoja bwawa la vigae. Baada ya hapo ndipo mtoto anakaa ndani ya ngalawa iliyotia nanga, anajifunza majina na kazi: mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), henza (kamba ya kutweka foromali), demani (kamba ya kuvuta na kulegeza tanga), goshi (pembe ya mbele ya tanga), kana, upo wa kufulia maji. Mwisho ndiyo tanga.

Ratiba ndiyo iliyotutoa jasho. Bahari haifuati kengele ya skuli. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huku kwetu hujaa kwenye saa kumi alasiri, na asubuhi ya saa nne yamekupwa, ngalawa zimekaa juu ya mchanga. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni kinyume, saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa. Alasiri watoto wako chuoni wanasoma Kurani, na mimi sitaki kabisa mafunzo haya yagombane na chuo. Kwa hiyo Jumamosi za maji mafu tunaingia majini, Jumamosi za bamvua tunabaki nchi kavu: mafundo, kushona tanga, kujua kusi na kaskazi, kusoma mwezi na kukisia maji. Maalim wa chuo tulimwendea mapema, akaridhia, na mwanawe yumo.

Nitawasimulia kitu kimoja nilichokiona. Msichana wa darasa la nne, mpole, darasani sauti yake huisikii. Nahodha alimpa demani mkononi, akamwambia asivute sana wala asiachie, asikilize. Tanga likawa linapigapiga upande wa mbele. Akavuta kidogo, likanyamaza, likajaa, ngalawa ikaanza kwenda. Akaachia kidogo, likaanza tena kupiga. Akavuta. Akafanya hivyo mara kadhaa bila kuambiwa neno, halafu akamgeukia mzee akamwambia, “Kumbe linasema.” Mzee hakujibu, alisogea tu akampisha na kwenye kana. Wiki iliyofuata nilipofundisha pembe ubaoni, yeye ndiye aliyewaeleza wenzake kwa nini chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotokea.

Nataka mawazo yenu, hasa juu ya vyombo na juu ya wasichana. Tunatumia ngalawa mbili za kuazima, na siku wenyewe wanapokwenda kuvua sisi hatuna kitu.

---

Mzee wa Ras Kazone

Mwalimu, Mungu akulipe. Mimi niko Tanga, nimekulia kwenye mashua. Naomba uongeze jambo moja: mtoto afundishwe kutua tanga kabla ya kulitweka. Ajue kuachia demani na kushusha foromali hata akiwa amefumba macho. Wengi waliopata ajali ninaowajua mimi, upepo uliwazidi na tanga likawa limekaza, wakahangaika na usukani badala ya kuachia kamba. Mtoto akishajua kwamba kuachia demani kunapunguza nguvu yote, hofu inamtoka.

Na msiwapeleke kusi likishachacha, mwezi wa sita na wa saba. Nyinyi mmekingwa kidogo lakini mkondo wa pale si wa mchezo.

---

Mama Nassir

Mimi ni mzazi, mwalimu, na nakuambia kwa moyo safi kwamba mwanangu nisingemtoa. Si kwamba nakataa elimu. Kwetu bahari imechukua watu, na mama yangu mpaka leo hasogei ufukweni. Nimesoma maneno yako mara mbili. Nauliza: wakati watoto wako majini, wakubwa ni wangapi? Na wasichana wanavaa nini, na nani anawashika wanapofundishwa kuelea? Haya ukinijibu vizuri huenda nikabadili mawazo.

---

Mwalimu wa Kaskazini

Mama Nassir, ahsante, maswali haya ndiyo ninayoyataka.

Ndani ya wigo kila mkubwa mmoja ana watoto wanne, hawazidi. Mmoja mwingine anasimama juu ya mwamba, hafundishi, kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Hesabu ikitofautiana anapiga filimbi na wote wanatoka. Kwenye ngalawa wanapanda watoto watatu na nahodha, kila mtoto na jaketi lake, na chombo cha pili kiko karibu.

Wasichana wana siku yao ya wigo, na wanaowafundisha ni wanawake: mwalimu mwenzangu na mama mmoja mkulima wa mwani. Wanavaa vazi refu la kuogelea linalofunika mwili mzima na kichwa. Hili si letu, wametutangulia Nungwi. Mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea na kuokoana kwa mavazi ya namna hiyo hiyo, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilituzwa katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Wazazi wengi walikuwa wanakataa kwa sababu ya stara, si kwa sababu ya bahari. Stara ilipopatikana, mlango ukafunguka.

Mama, njoo utazame tu. Ukae ufukweni na Nassir kando yako, usimtoe.

---

Ukerewe Damu

Wakuu, msidhani haya ni ya bahari ya chumvi peke yake. Huku Ziwa Victoria watoto wanavuka kwa mitumbwi, na mitumbwi ya tanga bado ipo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Kivuko cha MV Nyerere kikapinduka tarehe 20 Septemba 2018, kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara kabisa, watu wanakiona. Baada ya kila msiba tunalia, tunazika, tunasahau. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na walio wengi ni nchi kama zetu. Shirika hilo hilo linasema wazi kwamba mtoto aliyezidi miaka sita afundishwe kuogelea na usalama wa majini. Bado mtaala wetu unamfundisha mtoto wa kisiwani majina ya mito ya mbali kabla ya kumfundisha kuelea kwenye ziwa linalozunguka kwao.

Mwalimu, hiyo njia ya wigo wa vijiti naichukua. Huku tutatazama kwanza kichocho na mamba, lakini maeneo salama yapo.

---

Fundi Seremala

Juu ya vyombo. Duniani watoto wengi wanajifunzia kitu kinaitwa Optimist. Alikibuni Mmarekani, Clark Mills, kule Florida mwaka 1947, makusudi kiwe chombo cha bei ndogo ambacho mzazi anaweza kumtengenezea mwanawe kwa mbao mbili za plaiwudi. Kina urefu wa mita 2.3 hivi, kilo 35, omo yake, yaani sehemu ya mbele, imekatwa bapa kama sanduku. Mtoto mmoja, tanga moja, hakuna nahodha ndani. Kikipinduka anakinyanyua mwenyewe kwa kukanyaga ule ubao wa kati unaotokea chini.

Mimi nasema mtengeneze vinne. Plaiwudi iwe ile ya kuhimili maji, si ya makabati, maana ya makabati itafumuka msimu mmoja. Gundi nzuri, maungio yapigwe kitambaa cha faiba, na ndani mfunge mifuko ya hewa au madumu matupu yaliyozibwa ili kisizame. Fundi yeyote wa mashua anaweza. Tanga mnaweza kulikata kwenye kitambaa cha marikani nzito wakati mnatafuta la kisasa.

---

Mlamu

Fundi, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani. Ngalawa ni yetu, mti wa mwembe uko, fundi yuko, spea ziko kila kijiji. Ina ndubi mbili, yale maboya ya mbao ya ubavuni, haipinduki ovyo. Mtoto akijifunza kwenye kisanduku cha Florida, siku akipanda mashua ya babake atakuwa mgeni. Hapa Lamu heshima ya kijana ni mashindano ya matanga. Watu wanajua chombo fulani kilishinda mwaka gani na nani alikuwa nahodha. Hiyo ndiyo skuli yetu, na hakuna aliyelipa ada.

Ila nitakiri kasoro ya skuli hiyo: ni ya wavulana, na ni ya wenye chombo. Mtoto wa mpangaji, mtoto wa mjane, mtoto wa kike, wanabaki gatini wakishangilia. Kwa hiyo mpango wa mwalimu nauunga mkono kwa mikono miwili. Na mkitaka kuwaonyesha watoto kwamba ufundi wa kwetu haujafa, waambieni habari ya Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, fundi mkuu akiwa Ali Skanda. Mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga hadi Unguja, kilomita mia tano, likisimama bandari kwa bandari.

---

Fundi Seremala

Mlamu, ndugu yangu, sikatai ngalawa. Nasema kwenye ngalawa ya watoto watatu na mzee, mzee ndiye anayeamua. Mtoto hajui kama anajua mpaka awe peke yake. Chombo kidogo kinamfundisha kwa sababu kosa lake ni lake, na analiona hapo hapo.

---

Bin Salim wa Muscat

Nawasalimu kutoka Oman, wazee wangu ni wa Pemba. Huku serikali iliona vijana wanapoteza bahari, ikaanzisha Oman Sail mwaka 2008. Mohsin Al Busaidi akazunguka dunia bila kusimama bandarini mwaka uliofuata, Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo, na kila mtoto akataka kuwa yeye. Watoto wanaanzia kwenye hiyo hiyo Optimist, halafu wanapanda. Wasichana wana mpango wao. Kwa hiyo hili la chombo kidogo halijaua majahazi yetu, yote mawili yako.

Na Afrika msiende mbali: Msumbiji walipeleka wasichana kwenye mashindano ya matanga ya Olimpiki ya Tokyo, akiwamo Deizy Nhaquile. Bahari ni hii hii, upepo ni huu huu.

---

Sauti ya Kijiji

Wote mnasifu, mimi niseme ninaloliogopa. Nimefanya kazi kwenye kamati ya skuli kijiji cha wavuvi. Mvulana akishaonja bahari na akaona pesa ya dagaa, darasa la sita hamalizi. Anakwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na wajomba, anarudi baada ya miezi. Je, nyinyi hamuwatengenezi wavuvi wadogo mapema? Pili, hili la bure. Kwa uzoefu wangu kitu cha bure watu hawakithamini. Mzazi akitoa hata kidogo atafuatilia.

---

Mwalimu wa Kaskazini

Sauti ya Kijiji, hofu yako ya kwanza ni ya kweli na nimeiona kwa macho. Wanafunzi wangu wawili walipotea dago mwaka jana, na hao hawakuwa kwenye mafunzo, mafunzo yalikuwa hayajaanza. Anayemtoa mtoto skuli ni njaa na mjomba mwenye wavu anayehitaji mikono. Sisi tumeweka sharti moja: asiyefika darasani wiki nzima bila udhuru, Jumamosi hapandi chombo. Anakaa na sisi ufukweni, anashona tanga. Hatumfukuzi, kwa sababu tukimfukuza ndiyo tumempa mjomba. Na manahodha wenyewe wanawaambia kuhusu chuo cha ubaharia, kuhusu unahodha wa meli, kuhusu upimaji wa bahari, kazi ambazo zinataka cheti.

La bure sitalegeza, unisamehe. Ukiweka hata mia tano, atakayekuja ni yule ambaye babake ana chombo. Yule wa mjane aliyemtaja Mlamu hatakuja, na atatoa sababu nyingine ili asione haya. Mzazi tunamtaka atoe muda: kila mwezi zamu yake moja ya kusimama mwambani na kuhesabu vichwa. Hapo hafuatilii kwa sababu kalipa, anafuatilia kwa sababu mtoto wa jirani yuko mikononi mwake.

Wanaostahili kulipwa ni wazee wetu. Nahodha aliyebeba elimu ya miaka arobaini akifundisha kwa thawabu peke yake, siku mjukuu akiugua hatakuja, na ana haki. Hapa ndipo ningependa halmashauri na wizara waingie. Wasituletee kwanza boti, watuletee posho ya mwalimu wa bahari, kama anavyolipwa mwalimu wa hisabati.

Kuhusu vyombo, Fundi na Mlamu wote mmenishawishi, na tutafanya hivi: ngalawa ibaki ndiyo darasa, na tujaribu kuunda Optimist moja, moja tu, ya mtoto aliyekwisha iva. Fundi wetu ameomba vipimo.

---

Fundi Seremala

Vipimo nitakutumia kwa ujumbe, na nitakuja mwenyewe tukate mbao za kwanza pamoja. Nauli juu yangu.

---

Nahodha Mdogo

Mwalimu, mna kibali? Wanaosimamia vyombo, bara ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Siku ikitokea ajali, hata ndogo, mtaulizwa karatasi kabla ya kuulizwa hali ya mtoto. Nendeni mapema, na barua ya mkuu wa skuli na ya sheha, kiongozi wa shehia.

---

Mwalimu wa Kaskazini

Barua ya sheha tunayo, kamati ya uvuvi ya kijiji wanatujua, na wiki hii tunakwenda kwa Mamlaka chombo kikaguliwe. Ahsante kwa kukumbusha.

---

Mama Nassir

Nimemwambia baba yake. Tutakuja Jumamosi ya maji mafu kutazama. Jaketi la saizi ya mtoto wa miaka tisa linapatikana wapi? Niliyoyaona kwenye boti ni ya watu wazima yote.

---

Mzee wa Ras Kazone

Dada, usimvalishe la mtu mzima hata siku moja, akianguka majini yeye anashuka na jaketi linapanda, linamtoka kichwani. Ukimvalisha, funga vifungo vyote, halafu mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue juu. Likipanda likafika masikioni, ni kubwa. La mtoto lina kamba inayopita katikati ya miguu, hiyo ifungwe kila mara. Na lile la kushonwa nyumbani kwa sponji ya godoro likataeni, sponji inakunywa maji.

---

Mwalimu wa Kaskazini

Usinunue, Mama Nassir. Ya watoto tunayo machache tuliyopewa, na moja litamtosha. Mje saa mbili na nusu, kabla maji hayajajaa, ili amwone mzee akifunga foromali. Mletee kofia na maji ya kunywa.